Neno la Baraza Liandikwe: Funzo la Ziwa Bogoria kwa Wakulima wa Skimu

Mwezi uliopita, asubuhi ya mvua, mzee mmoja mkulima wa skimu aliingia katika ofisi ya kilimo. Hakuja kuuliza habari za mbegu wala mbolea. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani. Ilikuwa tangazo la mkutano wa kaunti. Tangazo lilisema kwamba wananchi watatoa maoni yao juu ya mpango wa maendeleo, na kwamba jamii iliyokaa mahali hapo kabla skimu haijapimwa itasikilizwa pia juu ya njia za mifugo, mahali pa kulambisha chumvi, na mahali pao pa ibada.

"Karani," akasema mzee, "nisomee tena hapa. Wakisema mbele ya kaunti kwamba ardhi hii ilikuwa yao, mimi nitakuwa mgeni wa nani? Nimelipa mkopo wa shamba miaka mingi. Wazazi wangu wamezikwa pale. Si afadhali nikae nyumbani, nisiende huko mkutanoni?"

Swali la mzee huyu ni swali la wakulima wengi, ila si wote walio na ujasiri wa kuliuliza. Jibu lake la kwanza ni fupi: nenda mkutanoni. Jibu la pili ni refu kidogo, na ili lifahamike vyema yafaa tutazame mahali pengine hapa Kenya ambapo watu waliamuliwa mambo yao bila kuulizwa sawasawa, na ikachukua zaidi ya miaka 30 kuanza kulinyosha jambo hilo. Mahali hapo ni Ziwa Bogoria, katika Baringo.

ZIWA NA WATU WAKE

Ziwa Bogoria liko katika Bonde la Ufa. Maji yake ni ya magadi, na kando yake chemchemi za maji moto hutoa mvuke mchana na usiku. Watalii huja kutazama heroe na chemchemi hizo. Lakini kabla ya watalii kulijua, palikuwa na watu waliolijua kwa njia nyingine. Hao ni Waendorois, jamii ya wafugaji ambayo, kama ilivyoelezwa katika kesi yao, ilikuwa na watu wapatao 60,000.

Kwao ziwa lilikuwa malisho mazuri, na ardhi yenye chumvi iliyowapa ng'ombe afya. Lilikuwa pia mahali pa sala na pa sherehe za ukoo. Msitu wa Mochongoi, ulio karibu, ndio wanaouhesabu kuwa chimbuko la jamii yao. Mtu asiyejua angepita pale akaona pori tupu. Mwenyeji aliona zizi, kanisa na shule, vyote mahali pamoja.

HALMASHAURI ILIYOPEWA AMANA

Siku zile ardhi ya namna hiyo haikuwa na hati ya mtu mmoja mmoja. Sheria iliiweka mikononi mwa halmashauri ya wilaya, iwe mdhamini kwa faida ya wakazi. Mkulima yeyote anajua maana ya amana. Jirani akikuachia ng'ombe wake akienda safari, unaweza kumlisha na kumkama, lakini huwezi kumpeleka mnadani bila ya kumwuliza mwenyewe.

Mwaka 1973 Serikali ilitangaza mahali pale kuwa hifadhi ya wanyama, kwa jina la Ziwa Hannington. Mwaka 1978 jina likabadilishwa likawa Ziwa Bogoria. Waendorois wakatakiwa kuhama. Walieleza baadaye katika kesi kwamba waliahidiwa mambo mengi. Familia 400 zingepewa mashamba yenye rutuba mahali pengine. Robo ya mapato ya watalii, yaani asilimia 25, ingerudi kwa jamii. Kazi 85 katika kila 100 za hifadhi zingekuwa zao. Tena wangejengewa majosho ya ng'ombe na mabwawa ya maji baridi.

Tazameni sasa yaliyotendeka. Kwa mujibu wa maelezo yao, mwaka 1986, miaka 13 baadaye, familia 170 kati ya zile 400 zilipewa shilingi 3,150 kila moja. Hesabu hii haimhitaji mtaalamu. Ukizidisha 3,150 kwa 170 utapata shilingi 535,500. Familia 230 zilizobaki hazikupata kitu. Hata hao 170 walisema kwamba zile zilikuwa fedha za gharama ya kuhama tu, wala hazikuwa bei ya ardhi.

Wazee hawakunyamaza. Walieleza kwamba tarehe 28 Desemba 1994 walikutana na Rais Daniel arap Moi mwenyewe, naye akaagiza kwamba ahadi zitimizwe na ile asilimia 25 itolewe. Mwaka uliofuata walimweleza kwamba hakuna lililofanyika, naye akaagiza mara ya pili. Agizo lilikuwa la mtu mkubwa kabisa, lakini neno la mdomoni halikufika katika daftari la fedha la halmashauri. Hapo ndipo wahenga waliposema: mali bila daftari huisha bila habari.

KUTOKA NAKURU HADI BANJUL

Waendorois wakaenda mahakamani, wakazishtaki halmashauri za Baringo na Koibatek kama wadhamini walioshindwa na amana. Tarehe 19 Aprili 2002 Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi yao, ikisema kwamba haki yao juu ya ardhi ile ilikwisha hifadhi ilipotangazwa.

Wengine wangekata tamaa. Wao mwaka 2003 walipeleka malalamiko mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Banjul, nchini Gambia. Uamuzi ulitolewa Novemba 2009, na Umoja wa Afrika ukauidhinisha Februari 2010. Tume ilisema kwamba Waendorois ni jamii ya wenyeji wa asili, kwamba walikuwa na haki ya kumiliki ardhi yao hata kama haikuandikwa katika hati, na kwamba haki hiyo ilivunjwa. Ilitaka Serikali ikiri umiliki wao na kuwarudishia ardhi ya mababu, iwaruhusu kufika ziwani bila kizuizi kwa ibada na malisho, iwalipe fidia, iwape sehemu ya mapato ya hifadhi, na izungumze nao juu ya namna ya kutimiza hayo yote.

Juu ya mashauriano Tume ilisema jambo ambalo kila afisa na kila mwananchi angepaswa kulishika. Kuwaita watu na kuwaambia jambo ambalo limekwisha kuamuliwa hakuhesabiwi kuwa ni kuwashauri. Watu waulizwe mapema, wapewe habari kamili katika njia wanayoielewa, wakubali au wakatae bila kulazimishwa, tena waongee kama watu walio sawa na anayewauliza.

KAUNTI MPYA NA MKUTANO WA KABARNET

Funzo hilo halikuwaingia wote mara moja. Mwaka 2011 maziwa ya Bogoria, Nakuru na Elementaita yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini Waendorois hawakushauriwa ipasavyo, na mwaka huohuo Tume ya Afrika ikatoa azimio la kulilaumu jambo hilo.

Mabadiliko yakaja kwa upande mwingine. Katiba ya 2010 ilileta serikali za kaunti, ambazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Halmashauri za zamani zikatoweka. Mei 2014 ulifanyika mkutano huko Kabarnet, makao makuu ya Kaunti ya Baringo, na tamko likaandikwa juu ya nafasi ya Waendorois katika kulitunza ziwa. Kamati ya Urithi wa Dunia ilipokutana Doha, Qatar, mwaka huohuo, iliutaja waraka huo kwa jina lake, ikaitaka Kenya ihakikishe kwamba Waendorois wanashiriki kikamilifu katika usimamizi na katika maamuzi, kwa vyombo vyao wenyewe vya uwakilishi.

Fikirini tofauti iliyopo. Agizo la mwaka 1994 lilitoka kwa Rais, likapotea. Tamko la mwaka 2014 lilitoka katika mji mdogo wa kilimani, likasomwa Doha. Tofauti yake ni karatasi.

Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji kwamba mambo yote yalikwisha. Septemba 2014 Serikali iliunda kikosi cha kazi cha kuutazama uamuzi wa Tume, lakini miaka 10 baada ya uamuzi hati ya ardhi ya jamii ilikuwa bado haijatolewa. Kukiri kwa maneno ni mwanzo, kama kulima ni mwanzo. Asiyepanda baada ya kulima hana mavuno.

JE, MKULIMA WA SKIMU ATANG'OLEWA?

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tunajua kwamba mpango wa kugawa eka milioni moja ulianza mwaka 1962, nao ulinunua mashamba ya walowezi wa Kizungu na kuwagawia wananchi. Skimu nyingine zikafuata. Lakini kabla ya mlowezi, mahali pengi palikuwa na watu. Kusema hivyo ni kusema historia, na historia haimfukuzi mtu.

Katiba yetu inasimama pande zote mbili. Kifungu cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, pamoja na ardhi ya mababu ya jamii za wawindaji na wakusanyaji. Ardhi ya jamii ambayo haijaandikishwa iko mikononi mwa serikali ya kaunti kama amana, kwa niaba ya jamii hiyo. Upande wa pili, Kifungu cha 40 kinamlinda mwenye shamba. Serikali ikilitaka kwa kazi ya umma, lazima ilipe fidia ya haki, kamili na bila kuchelewa. Lakini ulinzi huo haumfikii aliyepata ardhi kinyume cha sheria. Kwa hiyo mkulima aliyegawiwa kihalali, akalipa deni lake na kushika hati yake, hana sababu ya kukimbia mkutano. Mwenye kuogopa ni yule aliyesogeza kigingi usiku.

Upo mfano mwingine unaolingana na hofu ya mzee. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba haki za Waogiek wa Msitu wa Mau zilivunjwa. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa amri za marekebisho: Serikali iwalipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara mengine, tena iwapimie ardhi na kuwapa hati ya pamoja. Je, ilisemaje juu ya ardhi ambayo watu wengine walikuwa wamekwisha kupewa? Haikusema wafukuzwe kesho. Ilisema mazungumzo yaanze ili maafikiano yapatikane. Na maafikiano yakishindikana, ni juu ya Serikali ama kuwalipa Waogiek fidia au kuwarudishia ardhi hiyo. Mzigo uliwekwa juu ya Serikali, na mlango wa kwanza uliotajwa ni mazungumzo. Basi atakayekuwa hayupo mlango huo ukifunguliwa atasemewa na nani?

TENA MNALO LA KUWAPA JIRANI

Mara nyingi jamii ya kwanza haidai eka zako mbili za mahindi. Inadai njia ya ng'ombe kufika mtoni, ambayo ilikuwa katika ramani ya skimu mpaka mtu akailima. Inadai mti mmoja ambapo wazee wao husali mara moja kwa mwaka, au kipande cha ardhi ya chumvi ambacho hata hivyo hakioti kitu. Mambo kama hayo kaunti inaweza kuyaandika katika mpango wake, na mkulima akayakubali bila ya kupoteza hata debe moja la mavuno.

Faida yake ni ya pande zote. Njia ya mifugo ikiwa wazi, ng'ombe hawapiti katika mahindi. Chemchemi ikilindwa kwa sababu ni takatifu kwa mmoja, mwingine wa chini atapata maji ya kumwagilia mboga. Tazameni ramani ya skimu yenu. Barabara, njia za mifugo, na viwanja vya umma vilivyochorwa humo si mali ya yule aliye karibu navyo.

NAMNA YA KWENDA MKUTANONI

Kushauri wananchi ni wajibu wa kaunti kwa sheria. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa mwananchi haki ya kupata habari mapema na haki ya kupeleka ombi kwa maandishi. Basi fuateni mambo haya:

1. Jueni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha hupelekwa kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni. Anayeomba daraja mwezi wa Julai amekuja baada ya chungu kuoshwa.

2. Ombeni waraka kabla ya mkutano. Mwendeeni msimamizi wa wadi au mwakilishi wa wadi, mpate nakala. Asiyeweza kusoma asomewe. Kama waraka ni wa Kiingereza tupu, ombeni ufafanuzi kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali.

3. Kutaneni kwanza ninyi wenyewe. Chagueni mambo matatu tu yaliyo makubwa. Wanawake na vijana wawepo, kwa kuwa mwenye kuchota maji ndiye anayejua mto umekauka wapi.

4. Waiteni majirani wa jamii ya kwanza mapema, kabla ya siku ya kaunti. Mkinywa chai pamoja na kuitembelea njia ya ng'ombe kwa miguu, mtafika mkutanoni na neno moja. Mkikutana mara ya kwanza mbele ya maikrofoni, mtagombana.

5. Pelekeni maoni kwa maandishi. Andikeni majina, tarehe, namba za mashamba yanayohusika, na jambo mnalotaka. Fanyeni nakala mbili. Moja ibaki kaunti. Ya pili ipigwe mhuri wa kupokewa, nanyi mrudi nayo nyumbani.

6. Ulizeni maswali manne kwa kila ahadi: Nani atafanya? Kwa fedha zipi? Lini? Imeandikwa wapi? Waendorois waliahidiwa majosho na mabwawa, lakini ahadi isiyo na tarehe wala fungu la fedha haikumchimbia mtu bwawa.

7. Ombeni kumbukumbu za mkutano. Zikija na kosa, lisahihisheni kwa barua mara moja, msingoje mwaka upite.

Na kama ninyi wenyewe mna ardhi ya jamii isiyoandikishwa, jueni kwamba Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inawataka wanajamii wachague kamati ya watu 7 hadi 15, na kwamba akidi ya mkutano wao mkuu ni theluthi mbili. Watu watano katika hoteli hawawezi kuuza ardhi ya kijiji.

MZEE ALIKWENDA

Nilimweleza mzee mambo haya kwa kifupi, mvua ikiendelea. Akasikiliza, kisha akaikunja karatasi yake tena mara nne. Akaniambia kwamba iko njia ya ng'ombe nyuma ya shamba lake. Baba yake alipanda miwati juu yake siku nyingi zilizopita, na mzee wa upande wa pili amekuwa akiizunguka kimya miaka yote hiyo bila ya kumshtaki mtu.

"Nitaanza na huyo," akasema. "Nitamwendea kabla ya kaunti."

Siku ya mkutano niliwaona wawili hao wameketi katika benchi moja. Karatasi yao ilikuwa moja, na majina yalikuwa mawili. Waliomba njia ipimwe upya, na kila mmoja akabaki na nakala yenye mhuri. Njia yenyewe bado haijapimwa nikiandika haya, lakini miwati imekatwa.

Basi, wakulima, msiogope neno la kukiri wenyeji wa kwanza. Ogopeni mkutano usio na kumbukumbu, na ahadi isiyo na tarehe. Nendeni, semeni, andikeni, mtunze nakala. Mwanao atakapoulizwa siku moja, "Nani alikubali njia hii ipite hapa?" awe na karatasi ya kuonyesha, yenye jina lako na la jirani yako.